Dari ya mishahara haikuota kama uyoga

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia katika mikutano ya walimu, katika vikao vya idara na katika nyumba za watu wasiokuwa na uhusiano wowote na mambo ya elimu. Sentensi yenyewe ni fupi: "Hatuna pesa." Inapotamkwa, mjadala aghalabu hufa papo hapo, kwa maana hakuna mja awezaye kushindana na mfuko mtupu. Hata hivyo, mahali ambapo sentensi hiyo ilinishangaza kuliko kwingine kote si hapa Kenya. Ilikuwa mjini Toronto, nchini Kanada, usiku wa tarehe 23 Aprili 2019, na aliyeitamka alikuwa akizungumzia mojawapo ya klabu tajiri mno za mpira wa magongo wa barafuni.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa shughuli za utafiti, na mwenyeji wangu alikuwa binamu yangu ambaye kwa miaka mingi amekuwa dereva wa basi katika jiji hilo. Usiku huo Toronto Maple Leafs walikuwa wamecheza mechi ya saba, mechi ya kuamua, dhidi ya Boston Bruins, wakapigwa mabao 5-1 na kutupwa nje ya mashindano. Sebule ilikuwa imejaa watu, na kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake. Huyu alimlaumu kipa, Frederik Andersen. Yule akasema kipa ameonewa, makosa ni ya mabeki. Wa tatu akashikilia kuwa washambulizi wanalipwa kama wafalme nao hucheza kama wageni waalikwa. Nami, kwa ujinga wa mgeni, nikauliza: mbona klabu yenye mali kama mchanga wa pwani isinunue kipa bora, na mabeki bora pia? Binamu yangu akanitazama kama atazamwavyo mwanafunzi aliyechelewa darasani. "Mwalimu," akasema, "hatuna pesa. Dari imetufika kichwani."

Maneno hayo mawili, "hatuna" na "dari", yamenikaa moyoni tangu siku hiyo. Naamini yamebeba funzo ambalo halihusu barafu peke yake.

Kwa msomaji ambaye hoki aijuayo ni ile ya nyasi, ambayo timu yetu ya taifa ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971, sharti nieleze mchezo huu kwa ufupi. Wachezaji sita wa kila upande, kipa akiwa mmoja wao, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali, wakipigania kisahani cha mpira mgumu kwa muda wa dakika 60. Kasi ni kubwa hivi kwamba washambulizi hupishana kila baada ya sekunde chache, na hata nyota mkubwa hucheza takriban thuluthi moja tu ya mechi. Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 2005 kiwanja cha barafu kilifunguliwa katika hoteli moja kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na hapo ndipo ilipochipuka timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwasafirisha vijana hao hadi Kanada kwa ajili ya tangazo, wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wawili wenye sifa kubwa katika ligi ya huko. Hao vijana wetu hawakuwa hata na timu ya pili ya kushindana nayo nyumbani. Uhaba wao ulikuwa uhaba wa kweli. Uhaba wa Toronto ni wa namna nyingine.

Ligi kuu ya mchezo huo, NHL, inazishirikisha klabu za Kanada na Marekani. Hadi mwaka 2004 kila klabu ililipa wachezaji wake kadiri ya uwezo na tamaa yake. Wenye klabu wakalalamika kwamba mishahara imepanda kupita kiasi na kwamba miji midogo haiwezi kustahimili ushindani. Wakadai kikomo. Chama cha wachezaji kikakataa, wenye klabu wakafunga milango ya viwanja, na msimu mzima wa 2004-05 ukafutwa, jambo ambalo halikuwa limetokea katika ligi yoyote kubwa ya michezo ya bara hilo kwa sababu ya mgogoro wa kazi. Mwishowe wachezaji walisalimu amri. Mikataba iliyokuwapo ilikatwa kwa asilimia 24, na kikomo cha mishahara kikawekwa: katika msimu wa 2005-06 hakuna klabu iliyoruhusiwa kutumia zaidi ya dola milioni 39 kwa kikosi chake chote. Hiyo ndiyo dari. Si dari ya kamba, bali ya zege: katika msimu wa kawaida klabu haiwezi kuipita kwa kulipa faini, hata tajiri wake awe na utajiri wa Karuni.

Hapo ndipo ugomvi wa sebuleni unapopata maana. Mwaka 2018 Toronto walimsajili John Tavares kwa miaka saba kwa dola milioni 77, yaani milioni 11 kwa mwaka. Katika msimu uliofuata na kabla ya ule wa pili kuanza, wakatia saini mikataba ya vijana watatu waliokuwa wamewalea wenyewe: William Nylander kwa takriban milioni 7 kwa mwaka, Auston Matthews kwa milioni 11.6, na Mitch Marner kwa milioni 10.9. Jumla ya wanne hao ni zaidi kidogo ya dola milioni 40. Katika msimu wa 2019-20 dari ilikuwa milioni 81.5. Kwa hiyo nusu ya chakula chote ilipakuliwa katika sahani nne, na nusu iliyobaki ikagawiwa watu kumi na tisa, wakiwemo mabeki wote na makipa wote.

Mashabiki wakagawanyika kambi mbili, nao wamegawanyika hivyo hadi leo. Kambi ya kwanza husema kwamba vipaji adimu hulipiwa bei adimu, na kwamba mchezaji wa kawaida hupatikana popote ilhali Matthews hapatikani popote. Kambi ya pili husema kwamba mnyororo hukatikia penye pete dhaifu. Kwamba mechi za mtoano hushindwa na walinzi wagumu, kipa imara na wachezaji wa safu ya tatu ambao hakuna ajuaye majina yao. Kila kambi ina ushahidi wake. Ili kupata nafasi chini ya dari, mwezi Juni 2019 Toronto waliwapa Carolina haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza, si kwa kupokea mchezaji, bali kwa kuondolewa mzigo wa mshahara wa mkongwe Patrick Marleau. Carolina wakaitumia haki hiyo kumchukua Seth Jarvis, ambaye baadaye akawa mmoja wa washambulizi wao wa kutegemewa. Mwezi uliofuata wakamwachilia Nazem Kadri kwenda Colorado, naye akatwaa Kombe la Stanley huko mwaka 2022. Zach Hyman akaondoka mwaka 2021 kwenda Edmonton, na katika msimu wa 2023-24 akafunga mabao 54. Kambi ya pili inayataja majina haya kama mtu anayetaja marehemu wa ukoo.

Mimi si mtaalamu wa hoki, lakini nimejifunza kutofautisha uamuzi na matokeo yake. Mikataba ile ilitiwa saini wakati ambapo kila mtu aliamini dari itaendelea kupanda mwaka hadi mwaka, kama ilivyokuwa imezoea. Laiti ingepanda, milioni 40 zingekuwa sehemu ndogo ya jumla baada ya miaka michache. Kisha likaja gonjwa la Korona, viwanja vikawa vitupu, mapato yakaporomoka, na dari ikakwama pale pale kwenye milioni 81.5 kwa misimu miwili zaidi. Katika msimu wa 2022-23 ikapanda kwa milioni moja tu. Mtu aliyekopa kwa kutegemea nyongeza ya mshahara ambayo haikufika anaielewa hali hiyo bila ya kuhadithiwa. Kosa la viongozi wa Toronto halikuwa kuwathamini nyota wao. Kosa lao lilikuwa kupanga maisha kana kwamba mvua hainyeshi kamwe, bila ya kuacha akiba.

Nako langoni mjadala ni mkali zaidi, kwa sababu kipa ndiye anayeonekana anapokosea. Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Kipa anayecheza mechi 60 kwa msimu na kukabiliwa na mikwaju 28 katika kila mechi, atakabiliwa na mikwaju 1,680. Kipa mmoja akiokoa asilimia 91 na mwenziwe asilimia 90, tofauti yao kwa msimu mzima ni mabao 17 hivi. Mabao 17 yanatosha kuipandisha au kuishusha timu. Ndiyo maana shabiki hupiga kelele: tulipe kipa! Lakini tulipe yupi? Hapo ndipo elimu yote inapogonga mwamba.

Carey Price wa Montreal alipewa mkataba wa dola milioni 10.5 kwa mwaka. Mwaka 2021 aliwatoa Toronto, ambao walikuwa wakiongoza kwa mechi tatu dhidi ya moja, akaifikisha timu yake fainali. Msimu uliofuata goti lilimruhusu kucheza mechi tano tu, na baada ya hapo hakucheza tena. Jack Campbell, aliyekuwa katika lango la Toronto mwaka huo, alitaka fedha ambazo Toronto hawakuwa tayari kuzitoa. Mwaka 2022 Edmonton wakampa milioni 25 kwa miaka mitano. Baada ya miwili tu waliununua mkataba wake ili aondoke. Toronto nao, waliodhani wameponea chupuchupu, wakamchukua Matt Murray aliyekuwa akilipwa zaidi, naye akaandamwa na majeraha. Aliyewavusha raundi ya kwanza mwaka 2023, kwa mara ya kwanza tangu 2004, alikuwa Ilya Samsonov aliyelipwa milioni 1.8 tu.

Basi mtu atasema: usilipe kipa kamwe. La, ngoja kwanza. Mwaka 2019 Florida walimpa Sergei Bobrovsky milioni 70 kwa miaka saba. Kwa miaka kadhaa mkataba huo ulichekwa kila mahali. Mwaka 2023 mechi za mtoano zilipoanza alikuwa ameketi kwenye benchi, na lango likilindwa na Alex Lyon. Alipoitwa, aliwaondoa Boston, kisha akawaondoa Toronto kwa mechi tano, akafika fainali. Mwaka 2024 Florida walitwaa kombe. Mwaka 2025 wakalitwaa tena, baada ya kuwaondoa Toronto kwa mara nyingine. Na nani alilitwaa mwaka 2023? Vegas, ambao kipa wao Adin Hill mshahara wake haukufika robo ya ule wa Bobrovsky.

Kisa kinachonichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja ni cha tarehe 22 Februari 2020. Carolina walikuwa wakicheza Toronto, makipa wao wote wawili wakaumia. Kanuni za wakati huo zilisema mwenyeji awe na kipa wa dharura aliye tayari kwa ajili ya timu yoyote. Akaingia David Ayres, mwenye umri wa miaka 42, mtu aliyewahi kupandikizwa figo, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza kiwanja cha barafu na kuendesha mashine ya kukisawazisha. Wale wa milioni 40 walipata mabao mawili tu dhidi yake, akaokoa mikwaju minane, na Carolina wakashinda 6-3. Binamu yangu alinipigia simu usiku huo, hakusema neno kwa muda wa nusu dakika.

Ninachojifunza katika visa hivi ni kwamba anayedai kujua bei halisi ya kipa anajidanganya. Lililo la busara ni kuwa na makipa wawili wanaoaminika kwa bei ya wastani, na hilo ndilo Toronto walilolifanya hatimaye: katika msimu wa 2024-25 Anthony Stolarz na Joseph Woll walilipwa kwa pamoja milioni 3.3 hivi, na Stolarz akawa miongoni mwa makipa walioongoza ligi nzima kwa wastani wa kuokoa. Bahati ikakataa. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Florida, Mei 2025, Stolarz aliumia, na hakucheza tena katika mfululizo huo. Hata uamuzi mzuri hauna mkataba na bahati.

Sasa nirudi kwenye taaluma yangu, maana hapo ndipo nilipotaka kufika. Neno "hatuna" lina mofimu tatu, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuziandika ubaoni kwa sekunde tano: "ha-" ya ukanushi, "tu-" ya nafsi ya kwanza wingi, na "-na" ya umilikaji. Katika sentensi ya binamu yangu kila mofimu ina walakini wake.

Tuanze na "ha-". Inakanusha nini? Haikanushi kuwapo kwa pesa, kwa sababu pesa zipo tele. Inakanusha ruhusa ya kuzitumia. Kusema kweli alipaswa kusema: "Haturuhusiwi." Kati ya "hatuna" na "haturuhusiwi" pana shimo kubwa. Mfuko mtupu hauna wa kulaumiwa, lakini katazo lina mkatazaji. Anayetumia neno la kwanza mahali pa la pili amemficha mkatazaji bila ya kukusudia.

Tuje kwa "tu-". Sisi gani? Lugha nyingine ni makini katika jambo hili. Kimalei, kwa mfano, hutofautisha "kita", yaani sisi pamoja nawe unayeambiwa, na "kami", yaani sisi bila wewe. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika kiambishi chake, wala Kiingereza cha mashabiki wa Toronto hakina. Kwa hiyo "tu-" ya binamu yangu humkumbatia mwenye klabu, mkurugenzi, kocha, nyota na dereva wa basi katika silabi moja. Ilhali dereva huyo hana hisa hata moja, na tiketi ya mechi moja humgharimu mshahara wa siku nzima.

Na "-na"? Umiliki ni wa nani? Kwa makubaliano yaliyofungwa mwaka 2013, baada ya milango kufungwa tena na msimu kupunguzwa hadi mechi 48, wachezaji kwa jumla hupata nusu ya mapato ya ligi. Kabla ya hapo sehemu yao ilikuwa imefika asilimia 57. Nusu nyingine ni ya wenye klabu. Tazama basi ujanja wa mpango wenyewe. Kwa kuwa fungu la wachezaji limekwisha kukatwa, dola anayoongezewa Marner haitoki mfukoni mwa tajiri. Inatoka katika sahani ya beki au ya kipa. Mashabiki hawakosei wanaposema kwamba nyota amemnyima kipa. Katika nyumba yenye dari hiyo, ndivyo ilivyo. Ugomvi uliokuwa baina ya mwajiri na mwajiriwa umegeuzwa kuwa ugomvi baina ya waajiriwa wenyewe, na mashabiki, ambao wengi wao ni watu wa mshahara, wamejifanya wahasibu wa upande wa mwajiri bila ya malipo.

Nilimsikia binamu yangu, mwanachama mwaminifu wa chama cha wafanyakazi wa usafiri, akimtukana Marner kwa kudai thamani ya kazi yake. Nilimuuliza kama naye hukubali kupunguziwa mshahara ili basi la mwenziwe litengenezwe. Alikasirika kidogo, na nilijua nimegusa penyewe.

Wapo watakaosema kwamba naionea dari hii. Watasema imezipa klabu za miji midogo nafasi, na wana hoja. Fainali ya kwanza chini ya dari, mwaka 2006, ilizikutanisha Carolina na Edmonton, ambazo si klabu za miji mikubwa. Dari hiyo ina sakafu pia: kuna kiwango cha chini ambacho kila klabu ni lazima ikitumie, na hivyo tajiri bahili hawezi kuwala wachezaji wake. Lakini haki iliyo haki hutazama pande zote. Fainali ya mwisho kabla ya dari, mwaka 2004, ilikuwa baina ya Tampa Bay na Calgary, ambazo nazo si New York wala Toronto. Na hata zege lina nyufa kwa wenye kujua. Katika msimu wa 2020-21 nyota wa Tampa Bay, Nikita Kucherov, alikosa msimu wote wa kawaida baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, mshahara wake ukawekwa kando ya hesabu, kisha akarejea siku ya kwanza ya mtoano, ambako dari haikuhesabiwa. Wakatwaa kombe wakiwa na kikosi kilichopita kikomo kwa dola milioni 17 au zaidi. Hawakuvunja kanuni yoyote. Kanuni ndiyo iliyokuwa na mlango wa nyuma. Ni katika mwaka 2025 ambapo ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba dari itahesabiwa katika mtoano pia.

Sidai kwamba dari ivunjwe. Hata ningesema hivyo, nani angenisikia? Aidha nakiri kwamba dari ina fadhila moja ambayo mijadala yetu ya soka haina. Inamlazimu msemaji kuimaliza sentensi yake. Hapa kwetu shabiki wa Gor Mahia au wa AFC Leopards husema "tumnunue fulani" na kukomea hapo. Shabiki wa Toronto hawezi kukomea hapo, maana mwenziwe atamuuliza mara moja: "Umtoe nani?" Huo ni ukomavu wa hoja. Ningependa wanafunzi wangu wauige katika insha zao: ukipendekeza kuongeza, taja unapopunguza. Ila shabiki huyo anakosa swali la pili, nalo ndilo kubwa zaidi: "Nani ameamua kwamba cha kugawa ni hiki tu?"

Kwamba dari iliamuliwa na watu, ushahidi haukukawia. Msimu wa 2024-25 ilikuwa milioni 88. Mwezi Januari 2025 ligi na chama cha wachezaji walitangaza viwango vya miaka mitatu kwa mpigo: milioni 95.5, kisha 104, kisha 113.5. Jambo lililosemwa kwa miaka mingi kuwa haliwezekani lilisogezwa kwa tangazo moja. Lakini lilimchelewea Marner, mzaliwa wa viunga vya Toronto. Katikati ya mwaka huo huo, baada ya msimu aliochangia mabao 102, alikwenda Vegas kwa dola milioni 12 kwa mwaka kwa muda wa miaka minane, akisindikizwa na zomeo za watu waliowahi kumwita mwana wao. Tavares alibaki kwa kukubali takriban milioni 4.4 kwa mwaka, chini ya nusu ya alichokuwa akilipwa, nao wakamwita mzalendo. Sina haja ya kumhukumu yeyote kati yao. Naona tu jinsi dari inavyogawa sifa na aibu baina ya watu wawili ambao hakuna kati yao aliyeijenga.

Kwa nini nimewachosha walimu na wanafunzi kwa barafu ya nchi ya mbali? Kwa sababu neno dari tunalo hapa. Kila mwaka, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, Hazina ya Taifa hupeleka Bungeni taarifa ya sera ya bajeti kabla ya katikati ya mwezi Februari, na ndani yake kila sekta huwekewa kiwango cha juu cha matumizi. Mwalimu anayeambiwa kwamba hakuna fedha za kuajiri mwenziwe, na mwanafunzi anayeambiwa kwamba mkopo wake hautoshi, aghalabu hawakabiliwi na mfuko mtupu. Wamekutana na dari. Huenda dari hiyo ina sababu nzuri. Nchi yenye madeni haiwezi kutumia kama isiyokuwa nayo. Lakini sababu nzuri haiogopi kutajwa. Mara nyingi, badala ya kutajiwa sababu, tunaachwa tugombane wenyewe kwa wenyewe: wa msingi na wa upili, wa chuo na wa shule, mwalimu wa mkataba na wa kudumu, kila mmoja akichungulia sahani ya mwenziwe.

Tuwafundishe vijana wetu kuzisoma sentensi fupi kwa makini. Wanaposikia "hatuna", wachanganue: ni kukosa au ni kukatazwa? Ni sisi gani? Na chungu chenyewe kimeshikwa na nani? Sarufi haiongezi hata senti moja, lakini humfanya mtu ajue anazungumza na nani.

Tarehe 18 Mei 2025 Toronto walicheza tena mechi ya saba, wakiwa nyumbani, dhidi ya Florida. Walipigwa 6-1. Nilimpigia binamu yangu simu kumpa pole kama apewavyo mfiwa. Alikwisha kulia, akawa amefika kwenye hesabu. "Si neno, Mwalimu," aliniambia. "Msimu ujao dari inapanda, tutakuwa na pesa."

Nilimuuliza ni nani anayeipandisha. Alinyamaza, nikamsikia akivuta kiti. "Unajua," akasema, "miaka yote hii sijawahi kuuliza."